Safari ya Ulaya Huanzia River Road

Mwanafunzi wa Kiswahili wa Nairobi anapopata habari kwamba ameteuliwa kwenda kusoma muhula mmoja katika chuo cha Ulaya, mahali pa kwanza anapopaendea si uwanja wa ndege, wala si ubalozini. Huenda River Road. Huko ndiko picha za pasipoti hupigwa kwa bei nafuu, ndiko nakala za vyeti hutolewa upesi, ndiko sanduku la magurudumu hununuliwa baada ya kuvutana bei hadi mate yakauke. Koti zito la baridi atalitafuta mbele kidogo, Gikomba, miongoni mwa mitumba iliyokwisha kuvaliwa huko huko Ulaya anakokwenda. Akimaliza shughuli zake hukumbatia mkoba kifuani, akakaza mwendo hadi steji, akapanda gari la kumrudisha bwenini na kumshukuru Mungu kwamba hakuibiwa. Miezi michache baadaye, akiwa Hamburg au Bayreuth au Napoli, ataulizwa swali ambalo hakulitarajia: je, watu wa River Road huzungumza Kiswahili gani? Naye hatakuwa na jibu.

Hoja ya makala haya ni nyepesi kuitamka, ingawa huenda isiwe nyepesi kuitekeleza. Muhula wa Ulaya ni neema, na hakuna mwenye akili timamu atakayemshauri kijana aikatae. Lakini idara ya Kiswahili inayompeleka mwanafunzi ng'ambo kabla hajapata kuufanyia kazi japo mtaa mmoja wa mji wake inampeleka mikono mitupu. Aendaye sokoni mikono mitupu hachagui. Hurudi na alichopewa.

Itafaa kukumbusha jiografia kidogo. Mto Nairobi huchimbuka katika kinamasi cha Ondiri, huko Kikuyu, mji ambao Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa na bewa lake la elimu. Kutoka hapo mto huteremka kupitia vitongoji vya magharibi, ukapita upande wa Riverside Drive ulipo ubalozi wa Ujerumani, ukaambaa Chiromo, kisha ukaingia mjini na kupita nyuma ya Barabara ya Kirinyaga na River Road kabla ya kuelekea Gikomba. Barabara mbili zimeitwa kwa mto mmoja. Ya juu ina miti, mabawabu na bendera za kigeni. Ya chini ina mikokoteni, spika zinazoshindana kwa sauti na majitaka yanayotafuta njia. Mwanafunzi anayetoka Kikuyu kushughulikia safari yake huzipitia zote mbili katika siku moja. Elimu aliyoipata imemfunza kuistahi ya kwanza na kuiogopa ya pili, na hapo ndipo penye kasoro.

Isidhaniwe kwamba Ulaya haina cha kumpa mwanafunzi wa Kiswahili. Inacho, tena kingi. Kiswahili kilianza kufundishwa Berlin mara baada ya Chuo cha Lugha za Mashariki kuanzishwa huko mwaka 1887, miongo mingi kabla chuo kikuu chochote cha Afrika Mashariki hakijazaliwa. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, zilizokusanywa na Mwingereza William Taylor kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, ziliishia katika maktaba ya SOAS jijini London. William Hichens alizitoa kitabuni Johannesburg mwaka 1940, na ilichukua hadi 1979 kabla Profesa Mohamed Abdulaziz wa Nairobi hajachapisha nchini Kenya utafiti wake mpana kuhusu malenga huyo. Bayreuth kuna kongamano la Kiswahili ambalo limekuwa likifanyika tangu miaka ya 1980; huko ndiko Said Ahmed Mohamed alikofundisha kwa miaka mingi, na huko ndiko utafiti wa Kyallo Wadi Wamitila kuhusu ushairi wa Kiswahili na Fumo Liyongo ulikochapishwa mwaka 2001. Napoli nako Elena Bertoncini alilea vizazi vya wasomi wa riwaya ya Kiswahili. Mwanafunzi akibahatika kupata mazoezi ya kazi katika Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle, Bonn, atajifunza nidhamu ya habari ambayo darasani haipatikani. (London haina tena mvuto wa zamani kwa jambo hilo: Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianzia huko mwaka 1957, lakini sehemu kubwa ya kazi yake imehamia Nairobi.)

Milango nayo imepanuka. Shirika la Kijerumani la DAAD lilifungua ofisi Nairobi mwaka 1973, na tangu 2015 mpango wa Erasmus+ wa Umoja wa Ulaya umewawezesha wanafunzi wa vyuo vya Afrika kusoma muhula mmoja au zaidi bila kutozwa karo na chuo kinachowapokea. Kwa hiyo suala la kwenda au kutokwenda limepitwa na wakati. Linalostahili kujadiliwa ni hili: anayekwenda, anakwenda kama nani?

Historia ina majibu mawili ya kufundisha. La kwanza ni la Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu kutoka Bagamoyo, aliyefika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo maafisa waliojiandaa kuja kuitawala nchi yake. Mtoro hakwenda mikono mitupu. Alikuwa amebeba kichwani mwake mji mzima: jando na unyago, mahari na mazishi, madeni, utumwa, ngoma, adabu za kuamkiana. Alipoyaandika yalizaa kitabu *Desturi za Wasuaheli*, kilichotoka mwaka 1903. Mpaka leo hakuna msomi wa jamii ya Waswahili awezaye kukiruka. Lakini jina lililowekwa kwenye jalada kuwa la mkusanyaji na mhariri lilikuwa la Carl Velten. Ilibidi ipite miaka karibu themanini, hadi tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1981, ndipo jina la Mtoro lilipopewa nafasi lililoistahili. Maisha yake mwenyewe hayakuwa na heri hiyo. Alimwoa Mjerumani, na walipojaribu kurejea Afrika Mashariki pamoja mwaka 1905 wakuu wa koloni hawakuwakubalia. Alirudi Ujerumani na kufia huko mwaka 1927.

La pili ni la Jomo Kenyatta. Wakenya wengi wanamjua kama mwanasiasa aliyekaa Uingereza miaka mingi. Wachache wanakumbuka kwamba katika miaka ya 1930 alipata riziki yake kwa kumsemea Kikuyu mtaalamu wa fonetiki Lilias Armstrong katika Chuo Kikuu cha London. Sauti ilikuwa ya Kenyatta. Kitabu kuhusu fonetiki na toni za Kikuyu kilipotoka mwaka 1940, jina la mtunzi lilikuwa la Armstrong. Lakini Kenyatta hakukubali kubaki kinywa cha kukodiwa. Alijiunga na darasa la Malinowski, akasoma anthropolojia, na mwaka 1938 akachapisha *Facing Mount Kenya* kwa jina lake mwenyewe. Mtu aweza kubishana na mengi yaliyomo katika kitabu hicho, na wengi wamebishana nayo. Hata hivyo hakuna anayebisha kwamba mwandishi alikwenda akiwa na habari za kwao, akazitia katika nadharia ya wenyeji wake, na akarudi na kazi yake mkononi.

Ndipo lilipo suala la mwanafunzi wa leo. Katika semina ya Ulaya, mwanafunzi kutoka Nairobi huhesabiwa kuwa mwenye lugha kabla hajafungua kinywa. Huombwa asome kwa sauti, athibitishe kama sentensi fulani inakubalika, aeleze maana ya neno alilolisikia mwenzake Mjerumani alipokuwa Kenya. Ni heshima, naam. Lakini ni heshima ya mtoa habari. Mwenzake huyo huwa amekaa miezi kadhaa Nairobi au Unguja, amerekodi mazungumzo ya makondakta na wauza nguo, amerudi na saa nyingi za sauti na daftari lililojaa. Mwanafunzi wa Nairobi anaketi kando yake na kumsaidia kunukuu maneno ya watu wa River Road, watu aliowapita kila wiki akiwa ameukumbatia mkoba wake. Tasnifu ikikamilika, mmoja anaitwa mtafiti na mwingine anatajwa kwenye ukurasa wa shukrani.

Wala jambo hili si la kubuni kwa chuki. Atazamaye maandishi kuhusu Sheng ataona yalikochapishwa. Makala ya Alamin Mazrui juu ya Sheng ilitoka Köln mwaka 1995. Ile ya Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde ilitoka katika jarida la kimataifa mwaka 1997. Kitabu cha Chege Githiora, kinachoitazama Sheng kuwa Kiswahili cha Kenya kinachokua, kilichapishwa Uingereza mwaka 2018 wakati mwandishi akifundisha London. Wote hao ni Wakenya, na kazi zao ni za kujivunia. Lakini si ajabu kidogo kwamba mwanafunzi wa Nairobi hulazimika kwenda katika maktaba ya Köln au London ndipo asadiki kwamba maneno ya makanga yanafaa kuandikiwa?

Na maneno yenyewe ni hazina. Mtu na asimame asubuhi moja tu karibu na Tea Room, magari ya kwenda upande wa Mlima Kenya yanapojazwa, asikilize hesabu zinavyotajwa. Shilingi ishirini ni *mbao*, hamsini ni *finje*, mia ni *soo*, elfu ni *ngiri*. Shilingi kumi ni *ashu*, neno ambalo yamkini ni masalio ya *ashara*, hesabu ya zamani ambayo mwanafunzi aliikariri katika tenzi na kudhani imekufa. Imo kinywani mwa kijana anayeuza maji ya chupa. Neno *matatu* lenyewe lilizaliwa katika mitaa ya namna hii, kutokana na nauli ya sarafu tatu za senti kumi, na leo halimtatizi mhariri yeyote wa gazeti. Mpakia abiria ana jina lake, mbeba mizigo ana jina lake, dereva wa kushikilia zamu ana jina lake, na kila jina lina daraja, haki na malipo. Huo ni msamiati wa uchumi mzima ambao bado haujaingizwa kamusini kwa utaratibu.

Maandishi nayo yamejaa. Vibanda vya kupiga chapa vya River Road na vichochoro vyake hutoa kadi za harusi, ratiba za mazishi, kadi za michango, vitabu vya risiti, mabango ya hoteli na matangazo ya waganga. Humo Kiswahili, Kiingereza na Kikuyu hukaa ukurasa mmoja bila kugombana. Studio za barabara hii na jirani zake zilirekodi benga kwa miongo. Na ilipofika miaka ya 2000 filamu za bei nafuu zilizotengenezwa na kuuzwa hapa zikaipatia tasnia nzima jina, Riverwood. Fasihi ya Kiingereza iliwahi mapema: Meja Mwangi alichapisha *Going Down River Road* mwaka 1976, na tangu hapo barabara hiyo ikawa na anwani katika ramani ya riwaya ya Kiafrika. Watu wa riwaya ile, vibarua wa mjengo na walevi wa chang'aa, wangezungumza nini barabarani kama si Kiswahili? Lakini msomaji anawasikia kwa Kiingereza.

Wahadhiri wengine watapinga. Watauliza kama kazi ya idara ni kufundisha Kiswahili sanifu au kuhalalisha makosa ya stendi. Swali hilo lina uzito na halifai kudharauliwa, maana mwanafunzi atakayekwenda kufundisha sekondari atapimwa kwa ngeli na upatanisho wa kisarufi, wala hatapimwa kwa *mbao* na *finje*. Pamoja na hayo, itakumbukwa kwamba Kiunguja nacho kilikuwa lugha ya bandari, ya soko na ya misafara kabla mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 haujakiteua kuwa msingi wa usanifishaji, na kwamba washairi wa Mvita hawakukosa kunung'unika. Kuchunguza si kuiga. Daktari huusoma ugonjwa bila kuugua, na mwanaisimu aweza kuyaandika mazungumzo ya kamagera bila kuyaingiza katika insha ya mtihani. Ugonjwa huenda usiwe mfano wa haki hapa, kwa kuwa lugha ya River Road ni nzima kabisa. Anayeugua ni yule anayeizungumza nje ya darasa na kuikana ndani.

Suala la usalama ni zito zaidi, na wazazi wana haki ya kuliuliza. River Road ina wezi wa mifukoni na ina sifa ya vyeti vya kughushi, na msichana aliye peke yake husumbuliwa kuliko mvulana. Hata hivyo, wanafunzi wa ualimu hupelekwa shule za mbali kwa mazoezi ya kufundisha, na hakuna anayesema mazoezi hayo yafutwe kwa kuwa safari ina hatari. Wapelekwe wawili wawili, mchana, wakiwa na barua ya idara na mwenyeji anayejulikana. Na wasipelekwe kuwatazama watu kama samaki katika chupa. Mwenye duka la chapa ana haja kubwa na kijana anayejua kuhariri: ratiba ya mazishi yenye jina la marehemu lililokosewa ni aibu kwa familia na hasara kwa fundi. Mtengeneza filamu ana haja na mtu wa kuandika tafsiri chini ya picha, ili filamu ya Kikuyu ieleweke Kisumu na Mombasa. Ofisi ya mabasi ina haja na mtu wa kuandika masharti ya tiketi kwa Kiswahili ambacho abiria atakielewa kabla mzigo wake haujapotea. Hiyo ni kazi halisi, yenye faida kwa pande zote mbili, na mwanafunzi akiifanya kwa miezi miwili atatoka na daftari lake mwenyewe.

Wapo pia watakaosema kwamba cheti cha Ulaya huajiri na daftari la River Road haliajiri. Hapo ukweli usifichwe. Mwajiri wa Nairobi akiona jina la chuo cha Ujerumani katika wasifu huketi wima. Posho ya muhula mmoja, ikibanwa, imewahi kulipa karo ya mdogo mtu na kuezeka paa la mama. Kumhubiria kijana wa aina hiyo juu ya usipoache mbachao kwa msala upitao ni kumkosea. Yeye hajaacha mbacha wowote. Hajapata kuonyeshwa kwamba anao. Lawama, kama ipo, ni ya mitaala inayomfundisha mbinu za utafiti wa nyanjani kwa mihula mizima bila kumtoa nje ya lango la chuo, na ya idara ambazo hutoa hotuba ndefu kila Julai 7, tangu UNESCO ilipoifanya kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, kisha zikakosa nauli ya kuwapeleka wanafunzi ishirini umbali wa dakika kumi kwa miguu kutoka bewa kuu.

Mpango wenyewe hauhitaji wafadhili. Kila mwanafunzi wa Kiswahili anayeomba muhula wa nje aambatishe kwenye ombi lake kazi ya nyanjani aliyoifanya mwenyewe mjini: faharasa ya maneno ya biashara moja, mkusanyiko wa matangazo ya mtaa mmoja, au mazungumzo yaliyorekodiwa kwa idhini na kunukuliwa kwa uangalifu. Nakala moja ibaki katika maktaba ya idara kabla pasipoti haijagongwa muhuri, ili atakayeitumia Hamburg au Leiden alazimike kumtaja aliyeikusanya. Akiwa huko, asipewe tu kazi ya kuwasomea wengine sentensi. Chuo kinachompokea kimpe msimamizi wa kumsaidia kuigeuza kazi hiyo kuwa makala, na majarida ya vyama vya wanafunzi wa Kiswahili yawe ya kwanza kuichapisha, kwa Kiswahili. Anaporudi, aende tena kwa fundi wa chapa aliyempokea, ampelekee nakala.

Gharama ya haya yote ni karatasi, betri za kinasasauti na nauli ya matatu kutoka Kikuyu hadi mjini. Maombi ya muhula ujao yatakapofunguliwa, foleni ya vijana wanaotoa nakala za vyeti itarefuka tena mbele ya vibanda vya River Road. Mwenye mashine atauliza anachouliza kila siku, kwa Kiswahili chake: kopi ni ngapi, na kila moja ni ashu.